Mataruma Mia Mbili na Kumi

Nkwabi, nyumba uliyonijengea Malolo ni nzuri.
Naanza na hilo, usije ukasema baba hana shukrani.
Vigae vinang'aa, vinateleza kama kambare,
geti linafunguka lenyewe likinung'unika,
na choo kimo ndani, hatua nne toka kitandani.
Nilizihesabu. Ndiyo safari niliyobakiwa nayo.

Mtu aliyetembea reli miaka thelathini na moja,
genge la Usoke, kisha Urambo, kisha Kaliua,
nyundo begani, jicho likiwinda msumari uliolegea,
unampa hatua nne?

Chumvi ya Malolo ni bodaboda, elfu mbili kwenda,
elfu mbili kurudi, na goti hili
likigoma kukunjuka mbele za watu.
Dawa ya presha ni kukupigia simu, nawe umo kikaoni.
Salamu nazo: ukuta mrefu,
jirani namjua kwa honi ya gari lake.
Nikawa behewa lililokatwa likaachwa njia ya pembeni,
magurudumu mazima,
nyasi zikichungulia sakafuni.

Jumanne ile nilivaa viatu vya kazini.
Binti akauliza, "Babu, wapi?" Nikasema, dukani.
Sikusema duka la wapi.

Sasa nipo Isevya, chumba na sebule kwa Bi Nyamizi.
Bati linavuja kona moja, choo ki nje, ndoo tunapokezana.
Lakini sikia: mlangoni hadi dukani, mataruma arobaini
(hesabu yangu bado ni ya reli, utanisamehe),
zahanati mia na themanini,
gengeni kwenye nyanya, na uyoga wakati wa masika,
mia mbili na kumi.
Na pale kwenye mia, goti linaposema basi,
pana benchi la fundi Hilali.
Haulizi. Mguu uko kwenye cherehani, mkono unapangusa vitambaa.
Nakaa, nasikia nani kafiwa, nani kaoza,
nani kakopeshwa mbuzi akamkana mwenye mbuzi.
Kisha naondoka kama ile ya mvuke ikishakunywa maji.

Siku nyingine chumvi ipo. Naenda hata hivyo.

Kuna jambo sikukuambia.
Mwezi wa pili, kule Malolo, niliteleza bafuni asubuhi.
Kamera zako mbili zilikuwa zikitazama geti.
Nililala juu ya vigae nikisikia tangi likijaa,
likimwagika,
hadi binti aliporudi sokoni, adhuhuri imepita.

Hapa, wiki jana, nilichelewa tu, mafua.
Saa nne haijafika, Shija anagonga mlango,
katumwa na Hilali: "Babu Kasanda, mbona hujapita?"
Mkononi andazi langu, kaling'ata pembeni.

Kwa hiyo sirudi. Usimtume shangazi yako kunibembeleza,
yeye mwenyewe anaongea na kuku.

Ila kama ipo fedha ya kunitunza, kama unavyosema,
mtaro wa hapa mbele ya Hilali hauna mfuniko.
Tunavuka kwa ubao mmoja. Mvua ikinyesha
unashinda vigae vyako kwa utelezi,
na Bi Nyamizi, miaka themanini na mbili,
huuvuka akiwa ameketi, kanga kaifunga magotini,
akijisukuma kidogo kidogo,
akitucheka sisi tunaoshika vichwa.

Gari liache stesheni, uje kwa miguu, uuone.
Nitakuwa benchini.
Mifuko minne ya saruji, nondo tatu.
Mchanga tunao.