Sauti ya Kukodi

Chumba cha kurekodia, Mwananyamala,
kuta tumezivika trei za mayai.
Kizito kaja na karatasi moja na bahasha.
"Soma polepole, halafu rudia.
Neno ni kama kitenge kipya, kaka,
ulifue mara saba ndipo linakaa mwilini."

Nikasoma: *Kila mtu ameshajua.*
Sikuuliza kila mtu ni nani, anakaa mtaa gani.
Nikasoma: *Daktari amethibitisha.*
Daktari alikuwa Mwinjuma, fundi makochi wa Keko,
koti jeupe la kuazima, misumari bado mfukoni.
Nikasoma: *Wale wauza dagaa wa ng'ambo ya reli
ndio walioleta ugonjwa.*
Hapo Kizito akataka nishushe pumzi
kama mtu aliyetoka kuzika.
Chini ya sauti yangu wakatia mtoto analia.
Mtoto wa nani, sijui. Alikuwa kwenye kompyuta.

Siku tisa gari likazunguka,
Buguruni, Vingunguti, Buguruni tena,
spika mbili juu ya paa,
mpaka maneno yakakosa mwenyewe.

Siku ya kumi nikapita kwa shangazi Mwasiti.
Sufuria kavu. Dagaa wa Bi Felista kawarudisha,
Felista waliyekuwa wakiazimana chumvi
tangu mimi sijaota ndevu.
"Nani kakwambia, shangazi?"
"Aa! Kila mtu ameshajua."
Kisha akashusha pumzi,
palepale niliposhusha mimi.

Nikafungua mdomo.
Mkono ukatangulia mfukoni,
ukaikuta bahasha.