Matonge Yasiyojua Moto

Gesi iliisha tarehe ishirini na saba,
siku ambayo mshahara wenyewe bado ni hadithi.
Nilitikisa mtungi. Ukanijibu kwa sauti ya debe.
Makaa nje yamelowa, mvua ya Vihiga haibishi hodi,
na Minayo, kesho alfajiri, anakwenda Mumias
kukimbia mita mia nane kwa jina la shule.

Mama yake yuko zamu ya usiku Kisumu,
wodi ya watoto, simu ndani ya kabati.
Kwa hiyo jikoni tulikuwa mimi,
tochi niliyoiegemeza kwenye kopo la chumvi,
na kile kilichokuwepo:

karoti nne, moja ina miguu miwili kama suruali,
nusu pakiti ya oti,
tende za Bi Zamzam zilizobaki tangu mfungo,
maembe makavu ya Kibuye, magumu kama soli,
njugu tulizokaanga Jumapili, na asali
kidogo, ya kukwangua.

Nani alisema mapishi ni moto?
Nilikuna karoti hadi kidole kikaomba msamaha.
Nikaponda njugu kwa chupa ya soda
niliyoizungushia gazeti, isije ikamwamsha mtoto.
Tende nikazitoa kokwa, moja moja,
kama mtu anayefungua barua za zamani.
Embe nikalikata kwa mkasi wa kushonea.

Nikachanganya. Nikamega. Nikafinyanga.
Tonge likakaa kiganjani, likanitazama,
likasambaratika.
La pili vilevile. La tatu lilikuwa uji.

Karoti, jamani, ni mto uliovaa ganda.
Nani angeniambia?
Nikachukua kitambaa changu cha harusi,
kile cheupe cha mfukoni
ambacho hakijawahi kufuta chozi la maana,
nikaifunga karoti humo, nikaikamua,
nikaikamua kama mtu anayedai deni,
na maji ya rangi ya jezi yake
yakafika nusu kikombe.
Nikayanywa. Matamu.

Safari hii lilishikana.
Nikaviringa lingine, na lingine,
vidole vikakumbuka udongo wa mtoni,
tulipokuwa tukiunda ng'ombe
wenye pembe kubwa kuliko mwili.
Ishirini na moja.
Moja lilitoka na pembe. Nikaliacha hivyo.

Nikayagaagaza kwenye simsim,
nikayapanga ndani ya kopo la mafuta lililooshwa,
nikaliweka dirishani, kwenye baridi ya saa tisa,
maana friji yetu ni huo upepo
unaoshuka kutoka milima ya Nandi.

Minayo huwa anachambua karoti kwenye wali
kama askari anayekagua vitambulisho.
Asubuhi akafunua kopo:
haya mekundu-mekundu ni nini?
Nikasema: embe.
Embe limo. Sikudanganya lote.

Jioni alirudi na tope hadi kwenye nyusi.
Alikuwa wa nne kati ya sita.
Habari hiyo aliitoa harakaharaka, akaitupa kando,
ili afike kwenye kubwa:
msichana wa Butere, yule aliyempita kwenye kona,
alikula matatu,
akaomba mawili ya kumpelekea nyanyake asiye na meno;
na mwalimu wa michezo, mdomo umejaa,
akauliza, mama yako ameyaoka vipi?

Ukamjibu nini?

Nilimwambia mama alikuwa kazini.
Nilimwambia baba hana gesi.

Akalisukuma kopo juu ya meza hadi kwangu.
Chini kabisa, katikati ya simsim iliyopukutika,
limebaki moja, lile la pembe.

Hilo nimekuwekea, akasema,
akivua viatu bila kunitazama.
Ndilo lenye karoti nyingi.