Nyongo Mbili

Miaka kumi na tisa nachinja mbuzi Manyatta.
Mkono wa kushoto huinua ini,
wa kulia hutafuta kile kifuko cha kijani,
hukibana shingoni kwa kidole gumba,
hukikata polepole, pumzi nimezizuia.
Kikipasuka, ini lote limekwisha,
na mteja wa Kondele hasahau uchungu.

Wasemao nyongo mkalia ini
husema kwa mdomo. Mimi nimeishika.

Basi ilikuwaje nisijue?

Akelo akinywa supu hujikunja.
Mama yake akasema ni minyoo.
Duka la dawa likatuuzia chupa ya rangi ya waridi.
Nami, Mungu anisamehe, nilisema
mtoto wa bucha anairingia nyama.
Hadi weupe wa macho yake
ulipogeuka rangi ya ndimu iliyolala.

Kule hospitali tunayoiita Russia
Daktari Nekesa alimpaka mafuta baridi tumboni,
akasogeza kidude chake, akasimama,
akarudi nyuma, akasimama tena.
Akamwita mwenzake. Wakawa wawili, kisha wanne,
na kijana mmoja, mwanafunzi, akatabasamu
kama aliyeokota noti barabarani,
kabla hajaniona.

"Baba Akelo, mtoto ana nyongo mbili.
Alizaliwa nazo. Ni nadra sana."

Mbili.
Nimepasua mbuzi wangapi? Sikuwahi kuhesabu.
Kila mmoja, moja.

Akelo ni jina la marehemu mama yangu,
jina la anayezaliwa nyuma ya pacha.
Nyumbani kwetu hapakuwa na pacha.
Usiku ule kando ya kitanda nilicheka peke yangu,
muuguzi akanitazama:
kumbe walikuwako, Apiyo na Adongo,
wamejibanza humo ndani miaka saba,
mmoja katulia,
mwingine kajaa vijiwe.

Watazitoa zote. Nimetia sahihi,
herufi zimepinda kama za mtoto wa chekechea.
Mke wangu ameshika kandambili za Akelo,
moja kila mkono, hataki kuziweka chini.

Sasa ni saa nne na nusu.
Mlango una kioo kisichoonyesha kitu.
Huko ndani mtu nisiyemjua uso
ameinua ini la binti yangu.
Pumzi nimezizuia.
Kidole gumba changu kinabana hewa.
Polepole, nauambia mlango.
Shingoni. Polepole.