Meno Mia na Ishirini na Saba

Kerezo nililinunua Kongwa, likiwa uchi:
halina sahani, halina taya, halina gia za akiba,
kitanda tu cha chuma na kutu ya rangi ya udongo wetu.
"Vingine viliondoka na watu," alisema muuzaji.
Watu gani? Akanyoosha mkono kuelekea vilimani
kama anayeonyesha mvua ilikokwenda.

Basi jioni, nikishafunga karakana hapa Kibaigwa,
nazunguka kwa baiskeli, tupa mfukoni, kalipa shingoni,
nyumba kwa nyumba, kuulizia vyuma.

Nimejifunza kutotaja majina.
Ukitaja jina la kitu, utaambiwa hakipo.
Uliza: upepo ukivuma, bati mnalilaza kwa nini?
Mtungi umekalia nini?
Mlango wa kuku unazuiwa na nini?

Ni gia iliyouzuia, kwa mama Mendelu, nyuma ya Mbande.
Mbukwa, mbukwa, na hapohapo nikapiga goti
kwenye mavi ya kuku. Nikaisugua kwa mafuta ya taa,
nikatia chaki jino la kwanza,
nikahesabu.
Mia na ishirini na sita.
Nikarudia. Tetea akapita juu ya hesabu yangu.
Mara ya tatu, ukucha ukiruka bonde hadi bonde,
polepole, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali:
mia na ishirini na saba.

Ninyi msiokereza hamwezi kujua.
Namba hii haigawanyiki, haizai,
lakini inchi tano ukizinyoosha
zinatua kwenye milimita mia na ishirini na saba, bila chenji.
Kerezo langu lilizaliwa likisema inchi.
Mashine za kukamulia alizeti, zilizojaa mji huu, zinasema milimita.
Miaka miwili nawarudisha watu, skrubu mkononi:
"Nenda Dodoma mjini, mimi hapana."
Kumbe mkalimani alikuwa hapa, saa moja ya baiskeli,
ameajiriwa kumzuia kicheche.

"Unaiuza?" Sauti niliishusha, kama sina haja.
"Chukua. Uniletee jiwe la ukubwa huohuo."

Akanikaribisha ndani ninawe mikono,
na kule gizani, ukutani, nikakiona cha pili:
duara la chuma, vidole vitatu vya shaba
vimekibana kibuyu cha maziwa
vile vinavyopaswa kuibana shafti ndefu isiyumbe.
Havina kutu hata chembe. Samli ya miaka arobaini.
Nikatoa kalipa, nikapima mguu wake:
upana wa reli za kitanda changu, kasoro unywele.

"Hicho hapana," akasema kabla sijafungua mdomo.
"Marehemu alikitundika wiki tuliyooana.
Hakijadondosha kibuyu hata kimoja."

Nikamweleza kazi yake ya asili. Nilitumia mwiko,
nikauzungusha, nikaonyesha unavyopinda katikati.
Alisikiliza vizuri sana.
"Sawa. Kwako kinashika chuma, kwangu kinashika maziwa.
Kila mtu na shida yake."

Nimekunja nondo, nimechomelea vidole,
nimevivika mpira wa tairi.
Cha kwanza, kibuyu kiliinama.
Cha pili, alikitikisa kwa mkono mmoja
akanirudishia bila neno.
Hata jiwe nalo alisema dogo.

Jana nimeifunga gia, na mwenzake wa meno hamsini.
Nikakata uzi mfupi wa majaribio, nati ya dukani
ikaingia kwa vidole viwili, laini,
mpaka kijana wangu Ndahani akacheka peke yake.
Lakini skrubu ya Chilongani, ile ndefu ya mita nzima,
bado iko juu ya benchi. Nikiigusa na kisu
katikati inatetemeka, inaandika mawimbi.

Alhamisi nakwenda Mbande na cha tatu.
Na jiwe kubwa zaidi.