Nyumba ya Mwisho Kabla ya Hoho

Nyumba yetu ndiyo ya mwisho.
Lami inaishia langoni,
kisha mashamba, mashamba, hadi jicho lichoke.
Huku Vojvodina hakuna hata kilima cha kuegemeza macho:
ukipanda juu ya kigoda
unamwona mgeni wa kesho akija.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa malalamiko.
Vumbi la trekta juu ya shuka nilizoanika,
samadi ya Machi ikinukia hadi ndani ya kopo la sukari,
kombaini ikinguruma saa nane za usiku
kama inayovuna usingizi wangu.
Nikaandika barua, kurasa mbili, hoja zina namba,
nikavaa viatu vya kwendea mjini
nikaenda kumsomea Svetozar.

Nilimkuta kakalia kreti iliyopinduliwa,
mkononi nyanya moja, kubwa kama moyo wa fahali,
chumvi kaifunga kwenye kipande cha gazeti.
Hakuuliza nimefuata nini.
Alikata, akanipa nusu iliyo kubwa.
Sikuwa najua kwamba nyanya huwa na joto,
joto la jua la saa ileile, si la jiko.
Maji yake yakanitiririka hadi kiwikoni,
yakailowesha hoja ya tatu,
ile ya vumbi.
Barua sikuisoma.
Niliifutia mikono.

Sitawadanganya: Machi bado ni samadi,
na shuka zangu hazijapata kuwa nyeupe tena.
Lakini Septemba ni ya hoho.
Svetozar hubwaga magunia matano kando ya ukuta,
hapigi honi, hashuki.
Nikimkimbilia na pesa hukanyaga mafuta:
“Ulishalipa! Umekula vumbi langu mwaka mzima!”

Basi tunawasha jiko la bati uani,
mimi, Vukica wa ng'ambo ya barabara,
na Ilonka mwenye goti bovu, aliyepewa kiti chenye mto.
Ngozi nyekundu inababuka, inakuwa makaa,
moshi mtamu unapanda, mtaa mzima unauvaa;
hata padri Jumapili huhubiri akinukia hoho.
Tunamenya kwa vidole, kucha zinatuaibisha wiki nzima.
Ilonka anahesabu chupa kwa Kihungari,
Vukica kwa Kiserbia,
jumla hazipatani,
inabidi kuonja upya.
Mchumia juani hulia kivulini, husemwa.
Sisi twalia papo hapo juani,
kwa midomo na kwa macho,
moshi ukiwa shahidi.

Binti yangu Nevena yuko Linz.
Kila vuli hunipigia simu:
Mama, usihangaike,
maduka ya hapa yana kila kitu, majira yote.
Namwitikia ndiyo, ndiyo,
huku nikivika chupa sita soksi za baba yake
(marehemu hana neno)
nikamkabidhi dereva wa basi la Alhamisi.

Hajapata kuzisifu.
Ila Januari, akija kula sikukuu,
sanduku lake hulia kling, kling,
akilipandisha ngazi:
chupa sita,
tupu, zimesuguliwa zikang'aa,
kila moja na kifuniko chake.