Daftari la Pili

Saa moja asubuhi kipimajoto kinasema nyuzi kumi na mbili,
nami najua, kabla sijafika uani,
kwamba mlangoni mwa mzinga hakuna mtu.
Nimesema mtu. Nisameheni.
Miaka ishirini na saba niliandika mvua
katika daftari la serikali, huku Dagoretti,
milimita kwa milimita, kwa wino mweusi,
wala sikuwahi kuuliza
mvua ile ilimkuta nani, akiwa wapi.

Sasa nina mizinga miwili nyuma ya tangi la maji, Riruta,
na daftari langu mwenyewe, la shilingi themanini.
Julai tatu. Wingu limefunika kama kifuniko cha sufuria.
Waliotoka: tisa.
Waliorudi: sikuhesabu vizuri, macho yalikuwa na machozi ya baridi.

Wahenga walisema mfuata nyuki hakosi asali.
Hawakusema neno juu ya Julai ya Nairobi,
jua likiwa mdeni anayeahidi saa nne,
akaja saa tisa, akalipa robo,
akaaga.

Natega sikio kwenye ubao.
Wamejikunja humo ndani kama ngumi,
wanatetemeka kwa makusudi,
misuli inaruka, mbawa zimetulia,
wanaichoma asali ya Februari
tone baada ya tone
ili katikati ya ngumi malkia asijue ni mwezi gani.

Na ndiyo hasa majira ya vikohozi. Simu inalia.
Kwamboka wa duka la dawa:
“Baba Kalekye, hata kilo mbili tu,
mtaa mzima unakohoa.”
Namwambia asali ipo.
Namwambia si yangu.
Ananyamaza kidogo,
kisha anauliza bei mpya ni ngapi.

Watu hudhani ua likifunguka, basi mbochi imejaa,
kama bomba la maji siku ya zamu yetu.
Sivyo.
Sharti ardhi iwe imekunywa wiki zilizopita,
na leo pawe na joto, na upepo usiwe na haraka.
Upepo mkavu huigeuza mbochi gundi.
Mvua huisuuza ikawa maji ya kunawia.
Baina ya gundi na maji ya kunawia
kuna saa mbili, labda tatu,
na maisha ya kila aliye humo ndani
yamepimwa kwa saa hizo.

Oktoba tisa. Nyuzi ishirini na tano kufika adhuhuri.
Jakaranda zimeshika rangi hadi Kawangware.
Mlango umewamwaga
kama mtama katika gunia lililotoboka.
Jioni nimeuweka mzinga wa kwanza kwenye mizani:
umeongezeka kilo moja na robo tangu alfajiri.
Usiku kucha wamepepea, na ua wote
umenuka kitu kilicho kati ya mkate na maua.
Sikulala. Sikutaka kulala.

Oktoba kumi.
Wingu limetoka upande wa Ngong bila kubisha hodi.
Wengi wameliona kabla yangu,
wamerudi kwa kishindo, wakagonga ubao,
wakaangukia nyasini, wakapanda kwa miguu.
Mmoja nimemkuta chini ya bomba, amelowa chavua na yote.
Nimemfunika kwa viganja, nimempulizia pumzi,
mzee mzima, mvua ikinipiga mgongoni,
hadi aliponitembelea kidoleni
kama anayetafuta nambari ya nyumba.
Kwa mara ya kwanza nilichelewa kusoma kipimamvua.

Kisha nikaingia, nikafuta mikono, nikaandika:

Mvua: saa saba na dakika ishirini.
Milimita kumi na nne.
Iliwakuta kwenye jakaranda ya shule,
ng'ambo ya barabara,
matawi ya juu.