Vichwa Nilivyovishika

Kibanda namba themanini na nne, Soko la Kenyatta,
miaka kumi na tisa nasuka vichwa vya watu.
Najua kisogo kilichobonyea, najua paji lililotokeza,
najua kovu la jiwe, la sufuria, la mume.
Kichwa kikubwa hula pakiti saba za nywele bandia,
kidogo hutosheka na nne,
bei ni ile ile, usiniulize.

Jumanne nikavuka barabara kwenda hospitali.
Walitafuta watu wazima, wasio na ugonjwa.
Daktari Nkirote, mteja wangu wa matuta ya kwenda nyuma,
alinibembeleza wiki tatu:
"Bosibori, njoo. Ni utafiti tu. Nauli tutakurudishia."
Wakanivua herini, wakanivua vibanio,
wakaniuliza kama nina chuma mwilini.
Nikasema, ulimi.
Hawakucheka.

Kwanza mafumbo:
maumbo yaliyokosa kipande kimoja,
tarakimu za kurudia kinyumenyume.
Tarakimu nilizimaliza. Mtu asiyeandika madeni
huyaweka wapi?
Maumbo yakanishinda mwishoni,
nikamsikia Mwalimu Oirere, darasa la sita,
akinigonga utosini kwa kifutio:
"Humu mna uji."

Kisha bomba. Mashine inagonga
kama fundi bati wa Kamukunji aliyeamka na deni.
Nimelala, sisogei, pua inawasha,
nawaza: sasa wanaona.
Uji au si uji,
sasa wanaona.

Baadaye Nkirote akanigeuzia kioo cha kompyuta.
Si uji.
Ni matuta. Matuta na mifereji,
yamebanana, yamejikunja, hayana mwanzo.
"Hili gamba la nje ni la kijivu," akasema,
"na chini yake, hizi nyeupe, ni nyuzi."
Akabonyeza, zikaja kwa rangi,
nyekundu, buluu, kijani,
zikitoka pajini kwenda utosini,
zikipishana, zikizama, zikiibukia kwingine.

Nikasema, Daktari,
nani amenisuka?

Halafu nikauliza lile lililonileta.
Akili iko wapi hapo? Nionyeshe kwa kidole.
Akajikuna kichwa, palepale penye tuta langu la tatu.
Akasema, ukipima watu mamia kwa mamia,
wenye ubongo mkubwa hutangulia kidogo.
Kidogo tu, kama rasharasha:
ipo, ila huanui nguo.
Unene wa gamba una neno lake,
na hizi nyuzi, zinavyofunga paji na utosi, zina lao.
"Lakini uniletee kichwa kimoja, bila jina,
siwezi kukuambia kama mwenyewe alifaulu mafumbo."
Alisema hivyo akitazama chini,
kama konda aliyekosa chenji.

Mimi nilidhani najua.
Nimemsuka jaji, kichwa kama chungwa.
Nimemsuka Adhiambo wa omena, kichwa kama tikiti,
anayegawa faida kwa tatu bila kutazama dari.
Na nimesuka wengine, vikubwa kwa vidogo,
ambao ukiwauliza saa
watakuonyesha kalenda.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Sisi wa sokoni tunaongeza:
na atakaye ndefu hununua.
Usiku huo msemo ulinikaa vibaya kooni.
Nilitamani kumpelekea Mwalimu Oirere ile picha,
lakini alishazikwa,
na sijui ningemwambia nini.
Maumbo, kweli, yalinishinda.

Nimeibandika kwenye kioo cha kibanda,
kati ya bei za rasta na leseni ya kaunti.
Jana msichana mmoja akaketi, akaitazama,
rangi zile, zile nyuzi zikipishana,
akauliza, "Mtindo huu ni pesa ngapi?"

Huo, nikamwambia, ulisukwa kabla hujaja.
Inamisha kichwa.